"Hivyo tu": tulisimamisha boti katikati ya Kusi, bahari ikatulia. Nani ana maelezo?

#1 Mpandatanga

Habari wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu, leo nina jambo linanikereketa.

Mwezi wa saba nilipata kibarua cha ubaharia kwenye boti ya tanga ya futi 40, kuitoa Mahé, Shelisheli, kuileta Kilifi. Ni zaidi ya maili 900 za baharini, yaani siku sita mpaka nane kama hakuna kilichoharibika njiani. Tulikuwa watatu: nahodha, mzee wa Kizungu wa miaka sabini na ushee, mkewe, na mimi. Siku mbili za mwanzo raha tupu. Kusi, upepo wa kusini, iko ubavu wa kushoto, boti inakula maili sita kwa saa, mama anakaanga ndizi.

Siku ya tatu alasiri upepo ukapanda, maili 20, 25, mpaka ukavuka 30. Tanga kuu tukalipunguza mara tatu, la mbele likabaki kama kitambaa cha meza. Mawimbi yanapiga ubavuni, maji yanaruka yanaingia mpaka kwenye sahani. Nilitapika mpaka nikawa natapika rangi tu. Mimi mzaliwa wa Tanga, baba mvuvi, sikuwahi kujua kama bahari inaweza kunilevya. Ukilala unarushwa, ukikaa unateleza, na habari ya chooni tuiache. Saa nne usiku sufuria ya presha ilitoka jikoni, ikapita juu ya kichwa changu, ikatua kwenye meza ya ramani.

Mzee akasema tumechoka, na tukizidi kuchoka tutaanza kukosea. Akapiga kelele: "Hivu tu!" Mimi nikasikia "hivyo tu". Nikakaa nasubiri. Hivyo tu nini? Kumbe ndilo jina la kitu chenyewe kwa Kiingereza, "heave to", kuisimamisha boti baharini. Akageuza omo, yaani pua ya boti, ikapita kwenye upepo, lakini kamba ya tanga la mbele hakuilegeza, likajaa upepo kwa nyuma. Kisha akaufunga usukani. Basi. Boti ikasimama, omo inaangalia tulikotoka, imelala kidogo upande mmoja, inapanda wimbi na kushuka kama bata. Kelele zikakatika. Nikaanza kusikia saa ya ukutani, siku tatu nzima sikujua kama ina sauti. Mama akapika uji. Tukapokezana zamu, tukalala, na asubuhi tukaendelea.

Swali langu: upepo ulikuwa ule ule. Mawimbi yale yale, nilitoka nje kuyatazama. Kwa nini bahari ilitulia? Hapa Kilifi nimeuliza watu watatu nikapewa majibu manne.

#2 DodomaKavu

Kiti cha mbele nimekamata. Mtu wa Tanga kutapika baharini ni sawa na mimi kuogopa vumbi.

#3 Bin Serahangi

Bahari haikutulia kijana, mliotulia ni nyinyi.

Nimefanya kazi ya jahazi miaka 22: Unguja, Mafia, Kilwa, Mtwara, na Ngazija mara mbili. Chombo kinapokwenda kinagombana na mawimbi, kila wimbi linakidai. Kikiacha kwenda, ugomvi umekwisha. Lakini sisi hatukuwa na hiyo hivyo tu yenu. Bahari ikichafuka tunatua tanga kubwa, tunatweka dogo, tunakwenda na upepo. Au tunajibanza nyuma ya kisiwa mpaka kupambazuke. Na pasipo na kisiwa, mtu anasoma alichohifadhi.

#4 Ticha_Fizikia

Mzee wetu #3 yuko sahihi, ngoja niweke hesabu.

Chukua upepo wa maili 30 kwa saa. Ukikimbia nao kwa mwendo wa 6, upepo unaoupata wewe ni 24. Ukiupinga kwa mwendo huo huo, unapata karibu 36. Na nguvu ya upepo inapanda kwa mraba: 36 mara 36, gawa kwa 24 mara 24, jibu ni 2.25. Yaani boti ile ile, upepo ule ule, lakini inasukumwa kwa nguvu zaidi ya mara mbili. Mawimbi vivyo hivyo. Wimbi la sekunde 8 lina urefu wa kama mita 100 kutoka kilele hadi kilele na linakwenda karibu maili 24 za baharini kwa saa. Ukilifuata linakupata polepole, ukilipinga mnagongana mapema. Mliposimama mkaondoa mwendo wenu kwenye hesabu. Uzi ufungwe.

#5 Mpandatanga

Ahsante Ticha, ila usifunge. Hatukuwa tunaupinga upepo wala kuukimbia. Ulikuwa ubavuni. Hesabu yako inatoa jibu la swali la mtu mwingine.

#6 DodomaKavu

Ticha kapewa sifuri na mwanafunzi 😂

#7 Ticha_Fizikia

Sawa, ubavuni sikuliona. Basi jibu liko kwenye mrama, kule kuyumba ubavu kwa ubavu. Boti ni ndefu na nyembamba. Wimbi likiipata ubavuni inabingirika kama pipa, likiipata karibu na omo inapanda na kushuka, na urefu wake unaisaidia. Mlipogeuza, wimbi likawa linakuja kwa mbele kidogo. Halafu lile tanga lililobaki linaiegemeza boti upande mmoja muda wote, haina nafasi ya kurudi upande wa pili. Kama mlevi aliyeegemea ukuta, hayumbi tena.

#8 Bandari_Durban

Mtu wa Mombasa hapa, niko Durban mwaka wa kumi na moja, kazi yangu ni maboti ya tanga. Mnazunguka jambo lenyewe.

Mpandatanga, ulipotoka nje uliangalia maji ya upande wa upepo? Boti ikisimama hivyo haisimami kabisa, inasukumwa kando polepole, maili moja au mbili kwa saa. Mkuku wake, ule uti wa chini ya boti, unakoroga maji na kuacha utelezi mpana, upande ule ule mawimbi yanakotokea. Wimbi likifika kwenye maji yaliyokorogwa linajikwaa, kilele chake kinakufa kabla hakijakufikia. Lin na Larry Pardey, waliozunguka dunia kwa boti ndogo za mbao zisizo na injini, walilisema hili miaka mingi. Ndiyo maana ukipiga hivyo tu usiruhusu boti isogee mbele hata kidogo. Ikisogea inatoka nyuma ya ngao yake yenyewe.

Na huku tunako hiyo bahari msiyoitaka. Mkondo wa Agulhas unashuka kusini-magharibi, upepo ukigeuka ukatoka kusini-magharibi unaupinga uso kwa uso. Mawimbi yanasimama wima. Kuna siku hatutoki bandarini hata kwa pesa ya mara tatu.

#9 Mpandatanga

Niliangalia. Kulikuwa na eneo laini kama barabara iliyopigwa lami, linakwenda upande wa upepo. Nilidhani ni mwezi.

#10 Bin Serahangi

Hiyo barabara tuliijua, ila sisi tuliitengeneza kwa mafuta. Nahodha wangu wa kwanza alikuwa hasafiri bila kopo la sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka chombo. Usiku mmoja baina ya Kilwa na Mafia tulifungwa na bahari, akatoboa mfuko, akautumbukiza ubavuni mafuta yatoke kidogo kidogo. Vilele vikalala. Uvundo wake sitausahau, lakini maji hayakuingia tena.

#11 DodomaKavu

Chai hiyo mzee. Tena ya sifa.

#12 Ticha_Fizikia

@DodomaKavu si chai. Benjamin Franklin, Mmarekani yule wa radi na kishada, alimwaga kijiko cha mafuta kwenye bwawa la Clapham huko London, na kama nusu eka ya bwawa ikalainika. Akaandika habari zake, zikachapishwa 1774. Mafuta yanatanda kama ngozi nyembamba sana na kuua viwimbi vidogo. Upepo unahitaji vile viwimbi ili upate pa kushika. Lakini wimbi kubwa lenyewe haliendi popote, linalokufa ni kule kuvunjika kwake.

#13 Bin Serahangi

Ahsante mwalimu. Na mimi ndivyo nilivyosema: vilele. Sikusema mawimbi.

#14 MamaDagaa_Nungwi

Mnaongea vyuoni tu hapo. Njooni Nungwi mwezi wa saba, maji yakipwa na upepo ukivuma, muone bahari inavyochemka hapo rasini. Sisi tunakaa na hii kitu. Meli ya Spice Islander ilizama huku huku mbele yetu, vijana wetu waliingia na mashua kuokoa watu. Bahari ile haina mchezo.

#15 Bandari_Durban

Pole sana mama. Ila kwa rekodi ya uzi: Spice Islander, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, habari yake kubwa ilikuwa kubeba watu na mizigo kupita kiasi. Iliyokutana na bahari chafu ya Kusi ni meli ya Skagit, Julai 18, 2012, karibu na Chumbe. Na hata hiyo nayo ilijaza watu.

#16 MamaDagaa_Nungwi

Sawa mwanangu. Kwetu sisi maiti hazina tofauti.

#17 Ziwani_Ukerewe

Habari za huku. Nyinyi wa chumvi mnadeka. Wimbi la sekunde 8 lina adabu, linakupa muda wa kukaa vizuri. Ziwa Victoria lina mawimbi mafupi, moja halijaondoka mwenzake amefika. Kina chake ni kama mita 80 tu pale penye kina kikubwa, na upepo hauna umbali wa kuyanyoosha kama baharini. Halafu dhoruba zetu zinapenda usiku, upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya ziwa. Mtumbwi wa tanga hapo usipige hivyo tu, utajaa maji ukiwa umesimama vizuri kabisa. Sisi tunageuza omo, tunapiga makasia, na mmoja anateka maji.

#18 DodomaKavu

Manahodha wengi, uzi unakwenda mrama.

#19 Kalafati_Amu

Salaam. Nimesoma kuanzia juu, mna mambo mawili ya kurekebisha.

La kwanza, mtoa mada anasema nahodha "akaufunga usukani" na hakusema upande gani. Mtu atasoma hapa akajaribu, atazame. Usukani wa gurudumu unaufungia kule upepo unakotoka. Usukani wa mkono, kama wa mashua, unausukuma upande wa pili. Ukikosea, boti inaukimbia upepo badala ya kuukabili, na hapo ndipo utakapojua bahari.

La pili, Bin Serahangi kasema jahazi halina hivyo tu lakini hakusema sababu. Jahazi letu lina tanga moja kubwa la pembe tatu kwenye foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Hakuna tanga la mbele la kujaza kinyume likapingana na la nyuma. Upepo ukilipata tanga letu kwa nyuma, foromali inabanwa kwenye mlingoti. Kamba zinajifunga, watu hawawezi kutua tanga, na mlingoti unavunjika au chombo kinalala. Mimi ni fundi, nimetia mlingoti mpya kwenye vyombo vitatu vilivyopatwa na jambo hilo hilo. Ndiyo maana wazee hata kugeuza chombo upepo uje upande wa pili walikuwa wanageuza kwa kuupa upepo mgongo, foromali inapitishwa mbele ya mlingoti. Si kwamba hawakuwa na akili ya kusimama. Chombo chenyewe hakikuumbwa kwa kusimama.

#20 Bin Serahangi

Fundi umenena. Nilimuona baharia akivunjwa mkono na foromali hivyo hivyo. Baada ya hapo hukujadiliana na nahodha tena.

#21 MaskatiLeo

Nawasikiliza kutoka Maskati. Mjadala wote huu wazee waliumaliza zamani kwa njia rahisi: hawakusafiri. Waliokwenda Bara Hindi na Uarabuni walitumia mwanzo wa Kusi au mwisho wake, wakati wa demani, Kusi inapolegea. Katikati hapo, Juni na Julai, bahari ilifungwa. Bandari za magharibi mwa India zilifungwa kabisa. Ahmad ibn Majid na wenzake katika karne ya 15 walikuwa na hesabu ya siku gani utoke na siku gani ukitoka umejitakia. Mpandatanga, nahodha wako alitoka Mahé Julai. Hivyo tu yako ni dawa ya ugonjwa aliojipa mwenyewe.

#22 Mpandatanga

Tuliangalia utabiri kabla ya kutoka! Ulisema mawimbi ya mita 3. Mimi niliona ya ghorofa mbili.

#23 Bandari_Durban

Ulisoma vibaya utabiri. Ile mita 3 ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Ukikaa baharini usiku kucha, lipo litakalokuja karibu mara mbili ya hapo, na utabiri utakuwa haujakudanganya.

Tena urefu peke yake si kitu. Linaloua ni linalovunjika. Baada ya mashindano ya boti za tanga ya Fastnet ya 1979, ambako boti 303 zilitoka, 24 zikaachwa na watu wake na wanamashindano 15 wakafa, Chuo Kikuu cha Southampton kilijaribu modeli kwenye tangi. Wimbi linalovunjika la asilimia 30 ya urefu wa boti, likiipata ubavuni, linatosha kuilaza. Asilimia 60, linaipindua mzima mzima. Boti yako ya futi 40 ni mita 12. Piga mwenyewe. Ndiyo maana nasema ukitoa ubavu kwenye mawimbi umeshashinda nusu, utelezi uwepo usiwepo.

Na katika zile 24 zilizoachwa, zilizozama ni 5. Nyingine zilikutwa zinaelea tupu, na baadhi ya wenyewe walihamia kwenye rafti za mpira.

#24 Ticha_Fizikia

Kwa hiyo #23 anakubaliana na mimi #7, si na yeye mwenyewe #8.

#25 Bandari_Durban

Nakubaliana na wote wawili. Usinishike shati.

#26 Ziwani_Ukerewe

@MaskatiLeo na wale wanaosema kimbilieni bandarini?

#27 MaskatiLeo

Inategemea bandari. Aprili 1872 kimbunga kiliziharibu meli za Sultani Barghash zikiwa zimetia nanga Unguja, mbele ya nyumba yake. Bahari ya wazi inatisha, lakini haina miamba.

#28 Kalafati_Amu

Hapo kweli. Chombo kinavunjwa na nchi kavu, maji ni shahidi. Hata lile dau la plastiki lililoundwa huku Amu, lilipoteremka mpaka Unguja mwanzoni mwa 2019, lilikwenda na Kaskazi mgongoni. Hatukulitoa Julai.

#29 TangawiziMbichi

Samahani kuingilia. Mtoa mada, kichefuchefu kiliisha na nini? Nasafiri Pemba wiki ijayo na mimi hata daladala inanilevya.

#30 Mpandatanga

Kiliisha boti iliposimama. Kabla ya hapo nilipewa biskuti kavu na tangawizi, nikavirudisha vyote. Mzee alinitoa chumbani kwa nguvu, akanikalisha nje nimejifunga kamba, nishike usukani na kutazama upeo wa macho. Hiyo ilisaidia kuliko dawa. Kukaa ndani ukitazama simu ndiyo mwisho wako.

#31 MamaDagaa_Nungwi

Ndimu unuse, usile mihogo ya nazi asubuhi, na usikae karibu na anayetapika. Yanaambukiza.

#32 Mkweli_Daima

Mimi nina swali dogo tu. Mna uhakika upepo haukupungua? Usiku watu wamechoka, wamekunywa uji, wanaona kila kitu kimetulia. Huenda dhoruba iliisha saa ile ile mliyosimama, mnampa sifa mzee wa watu.

#33 Mpandatanga

Swali zuri, nilirudi kwenye daftari la zamu. Mwandiko ni wangu: saa sita usiku upepo 31, saa tisa usiku 33. Ulipanda. Tulikuja kuendelea saa moja asubuhi ulipofika 25. Kwa muda wote huo tulisukumwa kama maili 12 upande wa kaskazini. Tukaja kulenga kusini ya Kilifi, karibu na Mombasa, kwa sababu mkondo wa pwani nao unavuta kaskazini. Tungelenga Kilifi yenyewe tungeiona ikitupita.

#34 Mkweli_Daima

Basi ni uji.

#35 Bin Serahangi

Msicheke. Mtu aliyekula kitu cha moto na kulala saa mbili, bahari yake ni nyingine. Mimi nitabaki na neno langu la #3.

#36 Ticha_Fizikia

Kuna njia ya kulipima hili bila kwenda Shelisheli. Mwenye mashua afunge ndoo kwenye kamba ndefu omoni, atue tanga, aache chombo kisukumwe, atazame maji ya upande wa upepo kama yanalainika. Kisha arudie kwa mafuta kidogo. Tutajua ni mkuku, ni mafuta, au ni kusimama tu.

#37 DodomaKavu

Mimi natoa ndoo. Nani anatoa bahari?

#38 MamaDagaa_Nungwi

Ndoo ninayo. Mwanangu anatoka kesho.

#39 Kalafati_Amu

Mama, kamba usiifunge kwenye mpini. Ifunge kwa kuizungusha ndoo yote.

#40 MamaDagaa_Nungwi

Ripoti. Kijana kenda leo, siku nzima ni shwari, matanga yamelegea kama nguo kwenye kamba. Mafuta ya nazi nusu kikombe kamwaga, anasema maji yalikuwa laini kabla na yakawa laini baada. Ndoo kaifunga kwenye mpini. Mpini umebaki, ndoo imechukuliwa na mkondo, mara ya mwisho imeonekana inaelekea Pemba. Ni ya bluu, ina ufa mdogo kwenye mdomo. Aliye Mkoani akiiona anijulishe.

#41 Ticha_Fizikia

Mafuta alimwaga upande gani wa chombo?